F40 Haikuundwa Ilale Chini ya Turubai

Kila inapotangazwa Ferrari F40 ya kwenda mnadani, picha za nje mimi huziruka. Umbo lile nalijua hata nikifumba macho. Ninachotafuta ni picha ya dashibodi, na siku hizi hakuna dalali anayeisahau: spidomita imepigwa kwa karibu, mwanga umewekwa vizuri, na ndani ya kidirisha kidogo tarakimu zinasomeka kilomita elfu mbili na ushei. Mara nyingine hata elfu moja haijatimia. Gari lenyewe ni la mwaka 1989 au 1990. Ukigawanya kwa haraka unapata kama kilomita 60 kwa mwaka, umbali ambao daladala ya Mbagala huumaliza kabla ya adhuhuri.

Chini ya picha hiyo maelezo huwa yaleyale: halijatembea, na kila kitu ni kilekile kilichotoka nacho kiwandani. Soko la magari ya kale limeyafunga mambo hayo mawili kwenye furushi moja na linayauza kwa bei moja. Mimi nayaona mambo mawili mbalimbali, na kadiri miaka inavyopita, la kwanza linalitafuna la pili. Gari lililokaa miaka 35 bila kwenda popote lina nafasi finyu ya kubaki na vitu vyake vya asili. Nitaeleza kwa nini, na nitatumia F40 kwa sababu sidhani kama kuna gari la Kitaliano lililodhulumiwa na tabia hii kuliko hilo.

F40 ilitokana na kazi iliyokosa pa kwenda. Ferrari ilikuwa imeunda magari machache ya majaribio, 288 GTO Evoluzione, kwa ajili ya mashindano ya Kundi B, daraja la magari yenye nguvu kubwa. Kundi B likafutwa mwishoni mwa 1986 baada ya ajali zilizoua madereva na watazamaji, na magari yale yakabaki Maranello, kwenye kiwanda cha Ferrari, bila shindano. Mhandisi Nicola Materazzi, mtu aliyezijua turbo, vifaa vya kusukuma hewa ndani ya injini, kama seremala anavyojua randa, alikuwa na injini na maarifa mkononi. Mzee Enzo Ferrari naye alitaka gari la kuadhimisha miaka 40 tangu gari la kwanza lenye jina lake kuingia barabarani mwaka 1947. Tarehe 21 Julai 1987, akiwa na umri wa miaka 89, akalifunua mbele ya waandishi wa habari. Agosti mwaka uliofuata akafariki. F40 ndilo gari la mwisho la barabarani alilolizindua kwa mkono wake.

Injini yake ni ya silinda nane, lita 2.9, yenye turbo mbili za IHI kutoka Japani na nguvu za farasi 478. Uzito ni kama kilo 1,100 bila mafuta wala maji, na Ferrari ilitangaza mwendo wa juu wa kilomita 324 kwa saa. Bodi, iliyochorwa na Pininfarina, ni ya nyuzi za Kevlar na za kaboni, imegandishwa kwa gundi kwenye fremu ya mabomba ya chuma. Ndani hakuna redio wala zulia. Usukani hausaidiwi na kitu, breki nazo hazisaidiwi. Nguvu ni ya mguu wako. Magari ya mwanzo yalikuwa na vioo vya plastiki vya kusukuma kwa mkono. Kufungua mlango ukiwa ndani unavuta kamba. Anasa pekee ni kipoza hewa, nacho kiliwekwa kwa sababu joto la injini iliyo nyuma ya mgongo wako lingekupika.

Nimeviorodhesha hivi kwa makusudi. Kila kilichoondolewa kiliondolewa ili mtu anayeliendesha alisikie gari. Hakuna kiti cha kupumzikia humo ndani, hakuna mbao za kupapasa, hakuna ngozi ya kunusa. Ukiliondolea mwendo, linabaki ganda jepesi la rangi nyekundu na kamba mlangoni.

Sasa, F40 si gari la nadra kama bei yake inavyodokeza. Mpango wa awali ulikuwa magari 400. Wateja wakafurika, kiwanda kikaendelea hadi 1992, yakafika 1,311. Linganisha na Ferrari 250 GTO ya miaka ya sitini, ambayo ziliundwa 36. Zaidi ya hapo, F40 karibu zote zilitoka kiwandani zikifanana: nyekundu ileile, usukani kushoto, viti vya kitambaa chekundu. Ukiwa na bidhaa 1,311 zinazofanana kama pacha, na unataka moja iuzwe ghali kuliko nyingine, utazitofautisha kwa nini? Rangi haisaidii, na historia ya mashindano nyingi hazina. Inabaki namba moja tu, ile ya kwenye kidirisha cha spidomita. Hivyo ndivyo unadra ulivyotengenezwa mahali ambapo haukuwepo. Kiwanda hakikuunda F40 kumi zisizotembea. Soko ndilo lililoziunda, kwa kuwaahidi wenye magari kwamba kila kilomita wasiyokwenda watalipwa.

Sitaki nieleweke kwamba napuuza uhalisi. Nauthamini sana, na nina sababu.

Ukiinama karibu na mlango wa F40 ambayo haijapigwa rangi upya, jua likiwa ubavuni, utaona kitu chini ya wekundu. Ni msuko. Nyuzi zinapita juu, zinapita chini, zinapishana kama ukindu kwenye mkeka. Kiwanda kilipaka rangi nyembamba mno ili kupunguza uzito, na wembamba huo ukauacha msuko wa Kevlar na kaboni uonekane. Fundi wa rangi wa baadaye, mtu mwaminifu anayetaka kazi yake ipendeze, ataongeza tabaka, atasugua, atang'arisha, na mlango utatoka laini kama kioo. Msuko utakuwa umezama, na pamoja nao umezama uamuzi wa mtu aliyekuwa akihesabu gramu mwaka 1987. Fungua mlango huohuo uangalie kwenye kizingiti: utaona mstari wa gundi ya kijani mahali paneli zinapokutana, umekauka jinsi ulivyotoka, na hakuna aliyejali kuufuta. Anayeona mstari ule kuwa uchafu na kuusafisha anafuta mwandiko wa mtu.

Hicho ndicho ninachokiita uhalisi, yaani ushahidi wa mikono. Ni sawa na nyumba ya kale ya Lamu ambayo plasta yake ya chokaa bado ina alama za vidole vya aliyeipaka. Ukishakwangua, hata ukipaka chokaa bora zaidi, alama hazirudi. Kwa miaka mingi watengenezaji wa magari ya kale walikuwa wakikwangua kila kitu, gari la mwaka 1965 likitoka gereji liking'aa kuliko lilivyong'aa siku lilipozaliwa. Ni jambo jema kwamba ladha imebadilika. Viwanda vyenyewe vimeingia: Ferrari ina idara yake ya Classiche inayokagua injini, giaboksi na fremu na kutoa kitabu chekundu cha uthibitisho, na Lamborghini ilianzisha Polo Storico mwaka 2015 kwa kazi ya namna hiyo.

Lakini ladha mpya nayo ikapitiliza. Februari 2015, mjini Paris, nyumba ya mnada ya Artcurial iliuza magari ya familia ya Baillon, yaliyokutwa yameoza kwenye mabanda magharibi mwa Ufaransa. Kati yake kulikuwa na Ferrari 250 GT California Spider iliyowahi kumilikiwa na mwigizaji Alain Delon. Ilikutwa imerundikiwa magazeti juu yake, na vumbi la miongo. Ikauzwa zaidi ya euro milioni 16. Septemba 2017, kwenye uwanja wa Ferrari wa Fiorano, ikauzwa Ferrari Daytona ya bodi ya alumini ya mwaka 1969 iliyokaa kwenye banda huko Japani karibu miaka 40. Ililetwa mnadani na vumbi lake, ikaenda kwa euro milioni 1.8. Magari yote mawili ni ya thamani kubwa, hilo halina ubishi. Kilichonisumbua ni lile vumbi. Lilikuwa limeshakuwa sehemu ya bidhaa. Watu walikuwa wakilipiga picha kama vile lilitoka Maranello.

Vumbi halitoki kiwandani. Vumbi, kutu, mpira uliopasuka na kitambaa kilichopauka ni kazi ya wakati, na wakati haumheshimu asiyetembea.

Hili nalijua kwa Peugeot 404, sio kwa Ferrari. Baba yangu mkubwa alikuwa nayo Tanga, na alipoanza kupoteza nuru ya macho aliiacha kuendesha. Familia ikaamua isitumike, isije ikachakaa, ibaki kumbukumbu. Tukaipandisha kwenye matofali chini ya mwembe, tukaifunika turubai. Ilikaa miaka sita. Siku tuliyomwita fundi wa mtaani aje kuiwasha, alianza kwa kufungua kabureta, na ndani petroli ilikuwa imegeuka utomvu wa kahawia, mzito kama asali iliyolala, unaonuka vibaya. Silinda za breki zilikuwa zimeganda. Mipira ya milango ukiigusa inabaki kwenye vidole kama lami. Panya walikuwa wameshakula nyaya za upande mmoja. Fundi akafuta mikono, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hapa hakuna kilichochakaa. Vimekufa vyenyewe." Gari lile lilikuwa limetembea zaidi ya kilomita laki mbili bila kututia aibu, likauawa na miaka sita ya kutunzwa.

Wazee wa pwani wanalijua jambo hilo kwa vyombo vyao. Jahazi likipandishwa ufukweni likakaa juani muda mrefu, mbao hukauka na kunywea, kalafati inalegea, na siku likirudi majini linavuja kila mshono. Nahodha hawezi kusema ameliweka jahazi lake salama kwa kulinyima bahari.

Rudi kwenye F40 sasa. Magari mengi yaliyouzwa Ulaya yana matangi mawili ya mafuta ya aina ya mifuko ya mpira, kama ya magari ya mashindano. Mifuko hiyo ina umri wake, takriban miaka kumi, kisha mpira huanza kukauka na kupasuka, na petroli inayovuja karibu na turbo zilizowaka moto ni janga. Umri huo hauhesabiwi kwa kilomita. Unahesabiwa kwa kalenda. Mikanda ya taimingi inayozungusha shafti za vali nayo hubadilishwa kila baada ya miaka michache, hata kama gari halijatoka bandani, kwa sababu mkanda uliokunjwa mahali pamoja kwa miaka hukakamaa, na ukikatika vali zinakutana na pistoni. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani na kuanza kula silinda kutoka ndani. Sili za injini na giaboksi, ambazo zinahitaji kulowana oili ili zibaki laini, hukauka. Mipira ya kupitishia maji na hewa ya turbo hupasuka pale pale ilipofungwa.

Kwa hiyo chukua ile F40 ya kilomita elfu mbili na umuulize muuzaji swali moja: matangi yamebadilishwa? Kama amekuwa mwangalifu, yamebadilishwa mara tatu tangu 1990, pamoja na mikanda, sili na mipira yote. Basi si gari lenye kila kitu cha kiwandani kama tangazo linavyosema. Na kama hayajabadilishwa, gari lina kila kitu chake cha asili na haliwezi kuendeshwa hata kufika kituo cha mafuta. Hakuna njia ya tatu. Wapo walioamua kuweka matangi ya alumini ili waondokane na gharama hiyo, nao wanaambiwa wameharibu uhalisi. Hata hivyo magari yao yanakimbia.

Linganisha na F40 yenye kilomita elfu 40, iliyokuwa ikitoka kila Jumapili. Matangi yake yamebadilishwa mara tatu vilevile, mikanda vilevile. Kwa upande wa vitu vinavyokufa kwa umri, magari haya mawili yako sawa kabisa. Kwa upande wa msuko chini ya rangi na ule mstari wa kijani, nao ni uleule kama hakuna aliyeugusa. Tofauti iliyobaki ni kwamba pembeni ya kiti cha dereva kitambaa kimelegea kidogo, pedali zimesuguliwa, na pua ina vidoa vya kokoto. Kwa tofauti hiyo soko linatoza mamia ya maelfu ya dola, na linamlipa yule aliyelificha.

Ukiulizwa kwa nini, jibu la dalali litakuwa kwamba ndivyo wanunuzi wanavyotaka. Lakini walaji wa kwanza wa wazo hili hawakuwa wapenzi wa magari. Enzo alipofariki 1988, walanguzi waliingia kwenye F40 kama watu wanavyoingia kwenye viwanja barabara mpya inapotangazwa. Fomu za kununua ziliuzwa kabla magari hayajaundwa, gari likabadilisha mikono mara mbili tatu bila kuondolewa plastiki kwenye viti, bei ikafika mara kadhaa ya ile ya kiwandani. Miaka ya mwanzo ya tisini soko likaanguka, wengi wakaungua. Tabia ya kuliona gari kama kipande cha dhahabu haikuanguka pamoja nalo. Leo F40 safi inauzwa dola milioni mbili, tatu na kuendelea, na mwenye nayo anajua kwamba kila akizunguka kona moja anapunguza bei. Nawahurumia wamiliki hao kwa dhati. Mtu amelipa fedha zote zile, kisha anaogopa kuwasha.

Ugonjwa huu umevuka mipaka ya Italia. Agosti 2021, Pebble Beach, California, McLaren F1 ya mwaka 1995 iliyotembea kilomita 390 hivi iliuzwa zaidi ya dola milioni 20. Hilo nalo ni gari la Mwingereza lililoundwa kwa ajili ya dereva, kiti kikiwekwa katikati kabisa.

Halafu kuna suala la kuiamini namba yenyewe. Sisi tunaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani tumeshajifunza, mara nyingi kwa hasara, kwamba mita ni kifaa: hutolewa, hubadilishwa, hurudishwa nyuma. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu wa Dar es Salaam au Mombasa haanzi na mita. Anapiga jicho kwenye mpira wa pedali ya breki, anapitisha kiganja juu ya usukani kuona kama umeng'aa, anatazama ukingo wa kiti upande wa mlango. Mwili wa gari unasema ulikotoka. Inashangaza kwamba mtu anayenunua Toyota ya milioni kumi anasoma gari kwa makini namna hiyo, na mwenye dola milioni tatu anaridhika na picha ya tarakimu tano.

Tena soko hilohilo linajikana lenyewe. Agosti 2018, Monterey, Ferrari 250 GTO yenye namba ya fremu 3413 iliuzwa dola milioni 48.4, na kwa wakati huo hakuna gari lililowahi kuuzwa mnadani kwa bei kubwa kuliko hiyo. Gari lile lilikuwa limeshindana na kushinda ubingwa wa Italia wa mwaka 1962. Tena bodi lililouzwa nalo si lile lililotoka nalo kiwandani: mwaka 1964 mafundi wa bodi wa Scaglietti walilivisha bodi jipya la mtindo wa mwaka huo. Limekimbizwa, limebadilishwa nguo, na hakuna aliyesema limepungukiwa. Kwa GTO, kila kilomita ya mbio inaongeza thamani; kwa F40, kila kilomita ya barabarani inapunguza. Mpiga ngoma wa Pink Floyd, Nick Mason, amekuwa na GTO yake tangu miaka ya sabini na ameikimbiza hadharani mara nyingi. Bado ni GTO, na bado ni ya mamilioni.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu, na unamhusu Materazzi mwenyewe, kwani kabla ya Ferrari alipitia Lancia, kampuni nyingine ya magari ya Italia, na kushughulika na gari lao la Stratos. Gari lile lilichorwa na Marcello Gandini wa Bertone, fupi na pana kama kabari, na injini yake ya silinda sita ilitoka kwa Ferrari Dino. Mwaka 1975 Lancia walilileta Safari Rally. Sandro Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Stratos haikuwahi kushinda Safari, na walioiona ikipita bado wanaielezea: taa za ziada mbele, matope mpaka juu ya paa, na mlio ule wa Dino ukisikika kabla gari halijatokea kwenye kona. Stratos iliyopita kwenye tope lile ikaokoka inathaminiwa kwa makovu yake. Hakuna mwenye akili timamu anayeisifu kwa kilomita chache.

Nakubali hoja moja ya upande wa pili, na naikubali bila kinyongo. Inafaa yawepo magari machache ambayo hayaguswi kabisa, yawe kipimo. Fundi wa mwaka 2080 akitaka kujua boliti fulani ilipakwa rangi gani, au mshono wa kiti ulikuwa na nyuzi ngapi, awe na pa kwenda kuangalia. Makumbusho yapo kwa kazi hiyo. Lakini kipimo hakihitaji kuwa mia mbili. Gari moja kwenye makumbusho ya Maranello na machache kwa watu wanaoruhusu watafiti kuingia yanatosha. Gari lililofungiwa kwenye ghala la kodi nafuu huko Uswisi, ambalo hakuna fundi wala mtoto wa shule atakayeliona, haliwi kipimo cha mtu yeyote.

Wenye chama chao wameshaliona hili. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha Hati ya Turin mwaka 2012, na hati hiyo inalitazama gari la kale kama urithi ambao matumizi yake ni sehemu ya uhai wake. Inataka magari haya yaendelee kuruhusiwa barabarani, maana ujuzi wa kuyaendesha na kuyatengeneza unakufa yasipotumika. Hilo la ujuzi linanigusa zaidi. Materazzi alifariki Agosti 2022. Vijana wanaojifunza leo kusikiliza turbo zile zikijaza pumzi, kimya kwanza kisha mshindo unaokusukuma mgongoni, watajifunzia wapi kama magari yote yamefunikwa?

Kwa anayenunua, au anayeota kununua, mimi ningeanza chini kabisa, kwenye tairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu za tarehe ya kutengenezwa. Kuanzia mwaka 2000 ni nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Kabla ya hapo zilikuwa tatu. F40 ya kilomita chache inayosifiwa kuwa na tairi zake za kwanza itakuwa na tarakimu tatu, maana yake mpira ule ni wa karne iliyopita. Novemba 2013 mwigizaji Paul Walker alifariki kwenye Porsche Carrera GT huko California. Wachunguzi walitaja mwendo kasi kuwa chanzo, na wakaeleza pia kwamba tairi zilikuwa na umri wa miaka tisa. Hizi za F40 zina zaidi ya 30. Ningemwambia muuzaji azitoe, azifunge vizuri na kuzikabidhi pamoja na nyaraka za gari, kwa sababu ni kumbukumbu halali na anayekuja atazihitaji. Kisha aweke mpya, anioneshe risiti za matangi na mikanda, awashe injini ipate moto sawasawa, na tuzunguke nalo kabla hatujazungumza bei.